SOMO LA AFYA: POTASIAMU KATIKA CHAKULA CHETU CHA KILA SIKU



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Wapendwa wanafunzi na wazazi, katika toleo hili tunaleta somo linalohusu madini yaitwayo potasiamu. Tunaanza kwa kukiri jambo moja. Somo hili tuliwahi kulifundisha darasani, lakini tulilifundisha nusu. Tuliwaambia wanafunzi kwamba potasiamu husaidia kushusha presha, kwamba imo katika ndizi, maharage na mboga za majani, na kwamba wakifika nyumbani wawashauri wazee wao wale kwa wingi. Tukaishia hapo.

Mwanafunzi wetu mmoja alitii. Kila jioni alihakikisha babu yake anakula ndizi mbili na bakuli la mchicha. Hatukumuuliza kama babu ana maradhi yoyote, wala yeye hakujua kwamba tatizo la figo la babu yake linahusiana na ndizi. Baada ya wiki kadhaa mzee alianza kuishiwa nguvu miguuni. Siku ya kliniki yake ilipofika, alipimwa damu, ikaonekana potasiamu imepanda kupita kiasi. Alitibiwa, na alhamdulillah akarudi nyumbani.

Kijana yule alikuja madrasa akilia, akatuuliza, "Ustadh, nimemdhuru babu yangu?" Tulipokwenda kumjulia hali mzee, yeye mwenyewe ndiye aliyelijibu swali lile. Alisema, "Mjukuu wangu amenilisha alichofundishwa. Nendeni mkamalizie somo."

Ndilo tunalolimalizia leo.

MALENGO YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili, mwanafunzi aweze:
1. Kueleza potasiamu ni nini na ina kazi gani mwilini.
2. Kutaja vyakula vya Singida vyenye potasiamu.
3. Kueleza jinsi tunavyoipoteza potasiamu kabla chakula hakijafika mdomoni.
4. Kutaja watu wasiopaswa kuongeza potasiamu bila ushauri wa daktari.

1. JINA LAKE NA HERUFI K

Wanafunzi wa sekondari hujiuliza kwa nini potasiamu huandikwa kwa herufi K katika somo la kemia, ilhali jina lake linaanza na P. Jibu lake wanalo wanafunzi wa Kiarabu. Herufi K inatokana na jina kalium, nalo limetokana na neno la Kiarabu al-qali, lenye qaf, lam na ya. Maana yake ni majivu ya mimea. Jina potasiamu nalo linatokana na majivu. Huko Ulaya watu walikuwa wakichuja maji ya majivu, kisha wakiyachemsha chunguni mpaka yabakie madini meupe. Madini hayo yakaitwa majivu ya chungu, na mwaka 1807 mwanasayansi wa Uingereza, Humphry Davy, akafaulu kutenga potasiamu kutokana nayo.

Jina hili lina funzo. Mmea unapoungua, maji na sehemu kubwa ya mwili wake hupotea, yanabaki majivu, na katika majivu hayo mna potasiamu. Kwa hiyo potasiamu imo ndani ya mimea: katika majani, mizizi, mbegu na matunda. Anayekula mimea kwa wingi na kuipika vizuri huipata. Moto hauiharibu. Tutaona baadaye kwamba adui wake jikoni ni maji yanayomwagwa.

2. KAZI YA POTASIAMU MWILINI

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli nyingi sana. Ndani ya kila seli kuna potasiamu nyingi, na nje yake kuna sodiamu nyingi. Sodiamu ndiyo iliyomo katika chumvi tunayotia katika mboga. Karibu asilimia 98 ya potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli. Tofauti hiyo kati ya ndani na nje ndiyo inayowezesha mishipa ya fahamu kupeleka habari, misuli kukaza na kulegea, na moyo kupiga kwa mpangilio usiku na mchana, hata tunapokuwa usingizini. Subhanallah!

Aidha, potasiamu hufanya kazi mbili zinazohusu presha:

(a) Huzisaidia figo kutoa sodiamu ya ziada kwa njia ya mkojo.
(b) Husaidia kuta za mishipa ya damu kulegea, damu ikapita bila kusukumwa kwa nguvu nyingi.

Kwa ajili hiyo mtu anayekula chumvi nyingi na potasiamu kidogo yumo katika hatari ya kupanda presha. Presha nayo haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa nayo kwa miaka mingi akilima, akifanya biashara na kuswali kama kawaida, hadi siku anapopata kiharusi au moyo wake au figo zake zinaposhindwa kazi. Miongoni mwa wazazi wa madrasa yetu wapo waliofikwa na hali hiyo. Hatuwezi kusema kwamba sahani ya mchicha ingewakinga, kwani presha ina sababu nyingi, zikiwemo umri, unene, tumbaku na kurithi. Lakini chakula ni sababu iliyo mikononi mwetu.

3. TUNAHITAJI KIASI GANI?

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima apate angalau miligramu (mg) 3,510 za potasiamu kwa siku kutokana na chakula. Shirika hilo pia lilishauri kwamba chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Kiasi hicho kinajumlisha chumvi yote: ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, na ile inayonyunyizwa mezani.

Kwa watoto kiasi cha potasiamu hupungua kulingana na umri. Wataalamu wa Marekani mwaka 2019 walikadiria kwamba mtoto wa miaka 9 hadi 13 anatosheka na mg 2,300 akiwa msichana na mg 2,500 akiwa mvulana. Kwa miaka 14 hadi 18 ni mg 2,300 kwa wasichana na mg 3,000 kwa wavulana.

Hesabu hizi hazina haja ya mizani jikoni. Tumezitaja ili tujue tunaelekea wapi.

4. VYAKULA VYETU VYA SINGIDA

Katika Surat Abasa, Allah (S.W.) anamuelekeza mwanadamu akitazame chakula chake, kisha anataja mvua, ardhi inayopasuka, nafaka, mboga, mitende, mabustani na matunda. Nasi tutazame vya kwetu. Mkoa wetu una ukame wa miezi mingi na msimu mmoja wa mvua, lakini mashamba yetu yanatoa uwele, mtama, mahindi, viazi vitamu, kunde, choroko, dengu, karanga, maboga na alizeti.

Hapa chini ni makadirio ya potasiamu katika gramu 100 za kila chakula:

Mboga za majani
– Mchicha uliopikwa: mg 640
– Majani ya maboga yaliyopikwa: mg 440

Jamii ya kunde, zikiwa zimepikwa
– Maharage: mg 400
– Mbaazi: mg 380
– Dengu: mg 290
– Kunde: mg 280
– Choroko: mg 265

Mizizi
– Viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake: mg 380
– Viazi vitamu vilivyochemshwa: mg 230

Unga mkavu
– Mtama: mg 325
– Dona: mg 290
– Sembe: mg 140

Mbegu
– Karanga: mg 700
– Mbegu za alizeti: mg 645
– Mafuta ya alizeti: hakuna

Matunda na vinginevyo
– Tende: mg 650
– Parachichi: mg 485
– Ndizi mbivu: mg 360
– Nyanya: mg 240
– Papai: mg 180
– Maziwa: mg 135

Ni vyema tukatafakari mambo mawili katika orodha hii.

Kwanza, watu wengi wakisikia potasiamu hufikiria ndizi peke yake, na ndizi nyingi zinazouzwa kwetu huletwa kutoka mikoa mingine. Lakini mchicha na maharage vinaizidi ndizi, navyo vinapatikana hapa hapa. Asiye na pesa ya ndizi asidhani amekosa.

Pili, tutazame alizeti, zao linaloupa mkoa wetu sifa. Mbegu ina potasiamu nyingi, lakini mafuta hayana hata kidogo. Potasiamu yote hubaki katika mashudu, ambayo tunawapa ng'ombe na kuku. Hatusemi watu wale mashudu! Tunasema mafuta yana faida zake, lakini yasihesabiwe kuwa chanzo cha madini haya. Anayetaka potasiamu ya alizeti atafune mbegu zilizokaangwa bila chumvi.

Tusisahau pia ubuyu. Unga wa ubuyu wenyewe, kama unavyotoka katika mbuyu, una potasiamu nyingi sana. Ule unaouzwa mitaani ukiwa umepikwa kwa sukari nyingi na rangi nyekundu ni kitu kingine. Watoto waupate ule mweupe, walau katika uji au juisi.

5. MILANGO MITATU INAYOPOTEZA POTASIAMU

Ikiwa vyakula hivi tunavyo, mbona tunapungukiwa? Ni kwa sababu ipo milango mitatu inayopitisha potasiamu kutoka nje kabla hatujala, au inayoharibu mizani yake mwilini.

Mlango wa kwanza: kukoboa

Potasiamu ya punje ya nafaka imo zaidi katika ganda la ndani na kiini. Mahindi yakikobolewa, sehemu hizo huondoka na pumba. Ndiyo maana sembe ina karibu nusu tu ya potasiamu iliyomo katika dona. Mtama na uwele vikikobolewa sana hupatwa na hali hiyo hiyo. Baadhi yetu huona aibu kumpa mgeni ugali wa dona au wa mtama kwa kuwa si mweupe. Aibu hiyo tuiache. Weupe wa ugali ni alama ya kilichoondolewa.

Mlango wa pili: kumwaga maji

Potasiamu huyeyuka katika maji. Mboga ikikatwa vipande vidogo, ikaoshwa baada ya kukatwa, ikachemshwa katika maji mengi, kisha maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya madini humwagwa pamoja nayo. Wengine hukamua kabisa mboga hadi ikauke. Njia bora ni hii:

(i) Osha mboga kwanza, kisha katakata.
(ii) Tia maji kidogo, funika sufuria, pika kwa muda mfupi.
(iii) Maji yanayobaki yawe ndiyo mchuzi.
(iv) Viazi vichemshwe na maganda, vimenywe baada ya kuiva.

Mlenda wetu una sifa nzuri katika jambo hili, kwa sababu huliwa pamoja na maji yake yote. Mboga zilizokaushwa kwa ajili ya kiangazi pia ni nzuri. Kukausha huondoa maji tu, potasiamu hubaki. Kinachoipunguza ni kuzichemsha na kumwaga maji kabla ya kuzianika.

Lakini tahadhari! Kanuni hii haihusu kisamvu wala mihogo michungu. Hivyo vina sumu ambayo ni lazima iondolewe kwa kutwanga, kuloweka, kukausha na kuchemsha vizuri kama mama zetu walivyotufundisha. Maji yake yamwagwe. Usalama unatangulia madini.

Mlango wa tatu: chumvi na magadi

Mlango huu hautoi potasiamu katika chakula, bali unaizidishia mwili sodiamu, hata potasiamu tuliyokula isitoshe kusawazisha. Chumvi tunaijua. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba magadi nayo ni sodiamu. Anayetia magadi katika mlenda au maharage ili yalainike upesi, kisha akatia na chumvi, ameongeza sodiamu mara mbili.

Zamani, katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, wazee walilainisha mboga kwa maji yaliyochujwa kutoka katika majivu ya mimea. Yale majivu, kama tulivyosoma katika jina al-qali, yana potasiamu. Hatushauri watu warudie majivu, kwani hayana kipimo. Tunashauri maharage na kunde zilowekwe usiku kucha ili ziive bila magadi. Kuloweka huko hutoa potasiamu kidogo, lakini nyingi hubaki. Mlenda nao upikwe bila magadi au kwa magadi machache sana. Kwa ladha, tuna vitunguu, ambavyo malori hujaa Singida kuvifuata, na tuna nyanya, ndimu, tangawizi na karanga. Chumvi ipungue taratibu, na itakayobaki iwe yenye madini joto, kwa sababu hayo nayo tunayahitaji.

6. WALICHOKIONA WATAFITI NCHINI KENYA

Huenda mtu akasema: hayo ni maneno ya vitabu tu, watu wetu wanakula hivi siku zote. Tuangalie mfano wa majirani zetu.

Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti wa Neil Poulter na wenzake juu ya Waluo wa magharibi ya Kenya. Watafiti waliwafuatilia watu waliohama vijijini na kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki vijijini. Walipima presha, uzito, mapigo ya moyo na mkojo. Waliohamia mjini walionekana kuwa na presha ya juu zaidi kuliko waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana katika miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionesha kwamba sodiamu ilikuwa imezidi ikilinganishwa na potasiamu. Watafiti waliona kwamba mabadiliko ya chakula ni miongoni mwa sababu zinazoweza kueleza kupanda kwa presha ile.

Tunausimulia utafiti huu kwa sababu ya vijana wetu. Wengi wakimaliza shule huenda Dodoma, Arusha, Mwanza au Dar es Salaam kusoma na kutafuta riziki. Huko mchicha wa bustani ya nyumbani huwa haupo, na chipsi zenye chumvi zipo kila kona. Na siku hizi mtu hahitaji kuhama, maana chakula cha mjini kimetufuata hadi vijijini. Anayejua jambo hili mapema atajikinga popote atakapokuwa.

7. MFANO WA MLO WA SIKU MOJA

Tutazame siku moja ya mtu mzima anayekula vya kwetu:

Asubuhi: uji wa mtama (unga gramu 50) mg 160, glasi ya maziwa mg 340, viazi vitamu gramu 200 mg 460. Jumla mg 960.

Mchana: ugali wa dona (unga gramu 200) mg 580, kunde gramu 150 mg 420, mchicha gramu 100 mg 640. Jumla mg 1,640.

Jioni: ugali wa dona (unga gramu 150) mg 435, majani ya maboga gramu 100 mg 440, nyanya gramu 100 mg 240. Jumla mg 1,115.

Jumla ya siku nzima ni mg 3,715. Mtu huyu amekivuka kiwango, na hajanunua hata tunda moja.

Sasa tutazame siku nyingine. Asubuhi vikombe viwili vya chai ya rangi na mandazi mawili, mg 260. Mchana ugali wa sembe (unga gramu 200) na mchuzi wa nyanya, mg 520. Jioni wali mweupe na maharage machache, mg 305. Jumla haifiki mg 1,100. Mtu huyu ameshiba mara tatu, lakini hajapata hata theluthi ya kiwango.

Wazazi watambue kwamba siku hizo mbili hazitofautiani kwa utajiri. Zinatofautiana kwa uchaguzi na mapishi.

8. MWEZI WA RAMADHANI

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi, asipozipata kwa tende kavu, na asipozipata kwa maji. Tende tatu za kawaida hutoa karibu mg 150 za potasiamu, pamoja na sukari inayompa nguvu aliyefunga mchana kutwa. Nayo futari yetu ya viazi, mihogo, maboga na kunde ina potasiamu ya kutosha. Tatizo huja pale sinia la futari linapojaa sambusa, bajia na vitu vya kukaanga vyenye chumvi, na boga likakosa nafasi. Chumvi nyingi wakati wa daku nayo huzidisha kiu mchana.

Tukumbuke mafunzo ya dini yetu juu ya kula na kunywa bila kufanya israfu. Kiasi ndiyo msingi wa chakula chote, na potasiamu haikuachwa nje ya msingi huo, kama tutakavyoona hivi sasa.

9. WASIOPASWA KUONGEZA POTASIAMU BILA DAKTARI

Hii ndiyo nusu ya somo tuliyoiacha.

Figo zenye afya hutoa potasiamu isiyohitajika. Karibu asilimia 90 ya inayotoka mwilini hupitia kwenye figo. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu hujikusanya katika damu. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Ikipanda sana, misuli hulegea na moyo unaweza kupoteza mpangilio wake au kusimama ghafla. Chakula kile kile kinachomkinga mwenye afya kinaweza kumdhuru mgonjwa.

Wafuatao wasiongeze vyakula vya potasiamu mpaka wamuulize daktari:
1. Mwenye maradhi ya figo, au aliyeambiwa figo zake zimepungua nguvu.
2. Mwenye kisukari cha muda mrefu, kwa kuwa figo zake zinaweza kuwa zimeathirika bila yeye kujua.
3. Mwenye matatizo ya moyo, na anayetumia dawa za presha au za moyo. Baadhi ya dawa hizo huzuia potasiamu kutoka, na nyingine huipoteza. Anayejua ni daktari wake.

Hata mapishi ya mgonjwa wa figo huweza kuwa kinyume na tuliyofundisha hapo juu. Wataalamu wanaweza kumshauri viazi vyake vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe, makusudi potasiamu ipungue. Kwa hiyo katika nyumba moja sufuria mbili zinaweza kupikwa kwa njia mbili, na zote zikawa sahihi.

Hali kadhalika, mtu yeyote asinunue vidonge vya potasiamu kwa hiari yake. Na ipo chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike badala ya chumvi ya kawaida kwa watu wazima, lakini pendekezo hilo halikuwahusu watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo. Tusome maandishi ya pakiti kabla ya kununua.

10. WAKATI WA KUHARA NA KUTAPIKA

Mwili hupoteza potasiamu nyingi kwa kuhara na kutapika. Mtoto aliyeharisha sana hulegea, na sehemu ya kulegea huko hutokana na upungufu wa potasiamu. Ndiyo sababu ORS inayotolewa katika zahanati ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu katika kila lita, kwa mujibu wa mchanganyiko uliowekwa mwaka 2002. Maji ya chumvi na sukari tunayokoroga nyumbani hayana madini hayo. Hivyo mtoto akiharisha apewe ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, aendelee kunyonya na kula, na apelekwe kituo cha afya mapema.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, afya ni amana. Potasiamu tunayoihitaji Allah (S.W.) ameiweka katika mimea inayoota mashambani kwetu. Kazi yetu ni kutoikoboa, kutoimwaga, na kutoizidishia chumvi. Lakini elimu ya nusu inaweza kuleta madhara hata kwa mtu mwenye nia njema, nasi walimu ndio tuliojifunza hilo kabla yenu.

Basi kila mwanafunzi tunampa kazi moja. Ukifika nyumbani, usianze kwa kuwaambia wazee wale nini. Anza kwa kuuliza: "Babu, bibi, baba, mama, mmepima presha? Mmewahi kuambiwa lolote kuhusu figo?" Asiyepima apelekwe akapime. Baada ya jibu, ndipo mzungumze habari za mchicha.

Babu wa mwanafunzi wetu yupo, anaendelea na kliniki, na mjukuu wake ndiye anayempikia viazi kwa maji ya kumwaga kama alivyoelekezwa. Tunamuomba Allah (S.W.) amzidishie afya, awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

MASWALI YA ZOEZI

1. Herufi K ya potasiamu inatokana na neno gani la Kiarabu, na lina maana gani?
2. Taja vyakula vitano vya Singida vyenye potasiamu, na ueleze namna bora ya kupika viwili kati yake.
3. Kwa nini mafuta ya alizeti hayana potasiamu ilhali mbegu zake zinayo?
4. Eleza kwa nini maji ya kuchemshia mchicha yasimwagwe, lakini ya kisamvu yamwagwe.
5. Andika vyakula vyote ulivyokula jana. Je, siku yako ilifanana na mfano wa kwanza au wa pili?
6. Jirani yako ana maradhi ya figo na anataka kula ndizi kwa wingi ili presha ishuke. Utamwambia nini?